Fundi Anayesubiri Hatua Milioni Mbili

Saa moja asubuhi, kabla hata hajavua koti, fundi anainama mbele ya mashine iliyo pembeni mwa karakana. Chuma kinashuka, kinakandamiza mguu bandia wa plastiki, kinapanda. Kila sekunde, hatua moja. Anasoma namba: 1,640,000. Anapitisha ukucha kwenye kifundo akitafuta ufa.

"Bado mzima," anasema, na kuandika ukutani kwa chaki.

Wenzake wamembandika jina la Bwana Taratibu. Humtania kwamba mguu wake umetembea kuliko wao wote, na bado haujatoka chumbani. Yeye hutabasamu kidogo tu.

Ana miaka hamsini na miwili, ishirini ameimaliza akitengeneza miguu bandia. Mmoja alimtengenezea mdogo wake wa kike, mshona nguo aliyepoteza mguu ajalini. Kabla ya kumvalisha aliupakia kilo mia mbili, kama alivyofundishwa. Haukupinda.

Miezi kumi na moja baadaye ulikatika ghafla, mdogo wake akishuka ngazi. Akavunjika nyonga, akalala kitandani miezi mitano.

"Alikuwa amebeba gauni la mteja tu, hata kilo halifiki," ananiambia fundi. "Mimi niliupima kwa mzigo mkubwa, mara moja. Kilichoukata ni mizigo midogo ya kila siku. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na bado ilinipita. Inaniuma mpaka leo."

Ndipo akaunda mashine hii. Hata hivyo, mwaka jana subira ilimwishia, akaongeza kasi mara tano. Kwa kupindwa mbiombio, plastiki ikapata joto, ikalainika, ikapasuka. Akautupa mguu uliokuwa mzuri. Ilimchukua miezi minane kutambua kwamba kosa lilikuwa la haraka yake. Sasa haigusi kasi: hatua milioni mbili, siku ishirini na tatu, usiku na mchana.

Mdogo wake anatembelea magongo. Alishaapa: "Mguu wako siuvai tena, kaka, mpaka utembee kwanza bila mimi." Lakini kila asubuhi hupiga simu. Leo anapiga mimi na fundi tukiwa tumesimama hapo hapo, na fundi anaweka sauti ya nje.

"Umefika wapi?"

"Zimebaki siku nne, mdogo wangu. Mguu huu ukimaliza hatua zake utabaki hapa, umeshatumika. Wako nitautoa kwenye kalibu ileile iliyoumba huu."

"Na huo wangu hautachoka?"

Fundi anaufuta mkono wake kwenye koti.

"Utachoka," anajibu. "Safari hii sikufichi. Nitachonga tarehe chini ya unyayo. Ikifika, unakuja tunabadilisha, hata kama unauona mzima."

Mashine inahesabu hatua nane, tisa, kumi.

"Basi njoo unipime upya, kaka," anasema dada mtu. "Nimekonda."