Baruti Kwenye Banda la Video

Jamani, nimepona, ndiyo maana nasimulia. Juzi nilimpeleka Neema, fundi cherehani niliyemtongoza muda mrefu bila kupewa jibu, kuangalia filamu kwenye banda la video hapa Geita. Nilikuwa hoi kutoka shimoni kuchimba dhahabu, nikasinzia. Kwenye filamu jambazi akawasha utambi wa baruti. Ule mlio wa utambi ukiungua ukanizindua, nikapiga ukelele kama kazini: "Baruti! Tokeni!"

Banda zima lilikuwa la wachimbaji. Tulitoka mbio tukang'oa na mlango, mimi mbele, Neema nimemwacha.

Tuliporudi, mwenye banda alifoka, "Nani kapiga kelele?" Nikainamisha kichwa.

Neema, ambaye hakuinuka hata kwenye benchi, akajibu huku akitafuna karanga: "Msamehe, mzee. Ni huyu mchumba wangu."