Neno Kifuani mwa Mshenga

Sikiliza, wewe uliyekaa nami hapa. Kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha, usione haya, maana changu kilikuwa hivyo hivyo nilipoanza kuwasomea watu nguo mnadani Bariadi.

Ndiyo, kusoma nguo. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo tulipanga foleni kwenye duka la ushirika kungoja kitambaa cha aina moja, kijiji kizima tukaonekana kama kwaya. Kisha marobota ya mitumba yakaanza kuteremshwa, na mama yangu mdogo akawa wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na meza mnadani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, akanichukua.

Shida ilikuwa maandishi. Watu wetu walikuwa wamezoea khanga, na khanga haisemi ovyo. Ina ujumbe, na ujumbe una mwenyewe. Kwa hiyo hakuna aliyenunua fulana yenye maneno kabla ya kujua inasema nini na inamsema nani.

"Mayu, hii inamsema nani?" wateja walikuwa wakimuuliza mama mdogo, wakimwita mama kwa Kisukuma.

"Muulizeni msomi wangu," naye alikuwa akijibu, huku akikung'uta suruali.

Msomi nilikuwa na kamusi moja iliyochakaa. Kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeishia kufungia karanga, hivyo ilianzia herufi D. Lakini kuanzia hapo, ndugu yangu, ilikuwa imejaa maneno ambayo shuleni hakuna aliyetuambia kama yapo. "Dawdle" ni kujikokota, kama mtoto aliyetumwa chumvi akakuta wenzake wanacheza. "Hullabaloo" ni kelele na vurugu pamoja, kama siku ndama alipoingia kanisani wakati wa mahubiri. "Flabbergasted" ni kushangaa mpaka ukose la kusema. "Knackered" ni kuchoka hoi, na hilo mama mmoja muuza dagaa alilipenda sana. Alilinunua likiwa mgongoni mwa fulana ya bluu, akaivaa kuchuma pamba msimu mzima.

"Mume wangu akiniuliza chakula," alisema, "namgeuzia mgongo asome."

"Na kama hajui kusoma?"

"Atalala njaa, akajiandikishe elimu ya watu wazima!"

Alhamisi moja akaja mzee mfugaji ambaye mnada wote ulimjua kwa kununa. Alibishania bei ya kila kitu, hata kiberiti. Siku hiyo alikuwa na jambo zito. Jumamosi alikuwa aende Binza, kule Maswa, kuwa mshenga wa kijana wa mdogo wake. Mshenga wa kwanza alikuwa amejisifu kupita kiasi, akarudishwa. Wazazi wa binti walikuwa wamesema watapokea mshenga mara moja tu zaidi, na akishindwa huyo, habari imekwisha.

"Nitafutie nguo yenye neno la heshima," aliniambia. "Kule kwa wakwe wamesoma."

Nikampa fulana nzito ya kijani, nzuri kweli, yenye neno moja kubwa kifuani: "Curmudgeon". Akauliza maana. Neno linaanza na C. Nyuma yake palikuwa na watu kama wanane wakinitazama, na mama mdogo alikuwa ameacha kukung'uta nguo akisubiri msomi wake aseme.

Nikasema, "Mzee wa busara, anayesikilizwa."

Akaivaa palepale. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mnada ule, hakubishania bei.

Kesho yake nilikwenda kwa jirani yetu mwalimu aliyekuwa na kamusi nzima. Nikalisoma neno lile mara tatu, nikitumaini litabadilika. Maana yake ni mzee mwenye kununa, mbishi, asiyeridhika na chochote.

"Umemvalisha mshenga tangazo," alisema mama mdogo nilipomwambia. Hakucheka. "Kijana wa watu atakosa mke kwa sababu yako. Kesho asubuhi nenda."

Nikadandia lori la mnunuzi wa pamba. Msimu ule malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa mengi, na dereva alikubali kunishusha Binza. Nilipofika nyumbani kwa wazazi wa binti, wageni na wenyeji walikuwa wameketi uani. Joto lilikuwa kali, mzee alikuwa amevua koti, na shangazi wa binti, mwalimu mstaafu mwenye miwani, alikuwa amesimama mbele ya kifua chake akisoma.

"Baba," alimuuliza kwa upole, "haya maandishi unamwambia nani?"

"Nawaambia ninyi, wakwe zangu," mzee alijibu akijinyoosha. "Mnijue nilivyo."

Shangazi akawaeleza wenzake maana. Baba wa binti akaweka chini kikombe chake cha chai, na hapo nikaona ndoa ya mtu inaondoka. Nikasogea mbele nikapiga magoti, nikawaamkia.

"Mwangaluka, wazee wangu. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemuuzia. Neno sikulijua, nikamdanganya kwamba ni la heshima."

Mzee aliinamisha kichwa akalitazama lile neno, herufi kwa herufi. Kisha akasema polepole, "Mke wangu hunieleza hivi kila siku. Ila yeye hajawahi kuhitaji Kiingereza."

Baba wa binti ndiye aliyeanza kucheka. Shangazi akavua miwani afute machozi.

"Wa kwanza alituletea sifa, tukamrudisha," alisema. "Huyu ametuletea kasoro zake mlangoni, na hakukasirika tulipozisoma. Endeleeni. Lakini baba, kila utakapobisha leo, nitakuonyesha kidole kifuani."

Alibisha, bila shaka. Kila alipobishia rangi ya ng'ombe au siku ya kuwaleta, shangazi alinyoosha kidole, na mzee akashusha pumzi na kukubali. Kabla jua halijapinduka walikuwa wamekubaliana kila kitu, na mimi nikapewa wali na kuku kama mtu wa maana.

Wakati wa kuondoka mzee aliniita pembeni. Nilijua nitagombezwa.

"Ungesema tu hujui," aliniambia. "Ningekuja tena Ijumaa. Mimi huwa sina haraka."

Basi nawe ukiulizwa neno usilolijua, sema "sijui" wazi, hata wakiwepo watu. Liandike kwenye karatasi, katafute maana yake kwenye kamusi iliyokamilika, kisha mrudie aliyekuuliza umwambie.