Walisema nitafikisha kuni: jinsi makemba ya Kabambare yalivyoota kwangu Kasongo

Wakuu, salamu kutoka Kasongo, Maniema. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mashahidi wote wako hai. Mwenye ndugu Kabambare aulizie, atasikia kama ninavyoandika hapa.

"Hautafikisha miche Kasongo. Utafikisha kuni."

Ndivyo baba mudogo, yaani mdogo wake marehemu baba, alivyonitangazia mbele ya familia nzima. Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia uani.

Kwanza mnijue.

Mimi nilitoka Kasongo kijana, nikaenda Lubumbashi bila mjomba wa kunipokea. Nimeuza vocha za simu juani, nimesukuma baiskeli za mkaa, na kwa jasho hilo nikajilipia masomo ya kilimo. Diploma ninayo, ina mhuri, iko ukutani sebuleni kwangu ndani ya kioo. Nikarudi nyumbani kufundisha shule, nikachoma matofali mwenyewe, nikajenga. Bati juu, sementi chini.

Kilichobaki ni kiwanja. Kilikuwa kitupu kama uwanja wa mpira. Nyumba nzuri, lakini hakuna hata mgomba mmoja wa ukoo.

Ndiyo sababu vakansi za kiangazi, yaani likizo, nikapanda pikipiki kwenda Kabambare kusalimia familia. Na nilitaka kurudi na makemba, zile ndizi kubwa za kuchoma na kupika. Si makemba ya sokoni. Nilitaka yale ambayo bibi zetu walipanda.

Sasa hapa niwaeleze jambo moja, maana wengine mtashangaa.

Katika familia yetu mche wa nyumbani hauuzwi, wala hautolewi bure. Unakopeshwa. Mwenye mche anachana kipande cha kikwembe chake, anakigawa mara mbili. Nusu anaifunga kwenye mche, nusu anaiweka sandukuni. Mche ukizaa, unamrudishia chipukizi lake, pamoja na chane la mkungu wa kwanza alionje. Akikubali, nusu mbili zinafungwa fundo moja na deni limekwisha.

Ukimletea mche wa mtu mwingine, heri usingeleta kitu. Huo ni mdomo wa mwaka mzima.

Basi nikaomba. Mama mukubwa, dada yake mama, akakubali papo hapo. Baba mudogo akakubali kwa kunicheka. Shangazi akamaliza kwanza kumenya mihogo, ndipo akasema:

"Babako alichukua mugomba wangu alipooa. Mpaka leo nusu ya kikwembe iko mu sanduku. Nyumba ya ndugu yangu inachukua, hairudishe."



Na ni kweli. Baba aliupanda mgomba ule Kasongo, kisha vita ikatukimbiza. Tuliporudi hapakuwa na mgomba wala kitambaa. Baba akafa na deni hilo. Na mimi, pamoja na diploma yangu, kwa shangazi nilikuwa mtoto wa nyumba isiyorudisha.

Nikamwambia, "Shangazi, nikopeshe mimi. Nitarudisha wangu, na wa baba juu yake."

"Nitakukopesha," akasema. "Lakini ukipoteza na huu, usiniombe tena hata jani la kufungia samaki. Weye wala watoto wako."

Mnaona uzito wake? Haikuwa habari ya ndizi tena.

Nikaanza kazi. Nilichimba machipukizi matatu, moja kwa kila mkopeshaji. Nikakata majani yote. Nikachonga sehemu ya chini mpaka ikawa nyeupe kabisa, wadudu wanaotoboa shina wasipate pa kujificha. Nikachovya kwenye maji ya moto kidogo, nikaweka kivulini. Hayo yote nimesomea.

Baba mudogo akashika kichwa. "Bwana diplome! Unakata majani yote, sasa itapumua namna gani? Mutu anaua mugomba halafu anaufunga kitambaa kama maiti!"

Hapo ndipo alipotangaza habari ya kuni.

Nilichukua simu, nikapiga picha kila mgomba mama, shina, majani na mkungu. Wengine simu ni ya kujipiga wenyewe kwenye kioo. Tatizo, mgomba wa shangazi ulikuwa bado haujazaa, kwa hiyo wake nilipata majani tu.

Safari ya kurudi, wanaojua barabara ile hawahitaji maelezo. Vumbi, mashimo, madaraja ya magogo. Katikati ya pori chuma cha nyuma cha pikipiki, kile cha kubebea mizigo, kikakatika. Nikaenda pembeni kujisaidia. Niliporudi, motard wangu, yaani dereva wa pikipiki, ameshatengeneza, anatabasamu, anangoja sifa.

Nikatazama chuma. Kimefungwa vizuri sana. Kwa vikwembe vitatu.

Alikuwa amefungua alama zote za miche akatengenezea pikipiki!

Nikamuuliza kwa upole, maana nilikuwa karibu kulia, "Kaka, kitambaa gani kilikuwa kwa mugomba gani?"

Akanitazama kama mgonjwa. "Kaka mukubwa, yote si makemba?"

Niliwaza kurudi. Lakini kurudi kwa baba mudogo na miche isiyo na wenyewe? Bora nile kiapo kuwa sijawahi kuzaliwa Kabambare. Tukaendelea.

Nyumbani Kasongo nikampa motard kamba, nikachukua vitambaa vyangu, nikafua oili kwa sabuni. Miche nikaipanda mstari mmoja mbele ya nyumba, kila mpita njia aione. Jirani yangu akasimama kwenye uzio.

"Mwalimu, unapanda michi ya kutwangia majani ya sombe?"

"Pita kesho," nikamwambia.

Akapita kesho, kesho kutwa, wiki. Michi ilibaki michi. Kiangazi kilikuwa kikali, nami nilikuwa nabeba maji kwa bidoni kutoka kisimani, mwenye diploma, mbele ya watu. Sikuona haya.

Halafu asubuhi moja jani likatoka katikati ya mche wa kwanza, limekunjwa kama sigara. Nilimwita jirani. Nilimwita kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nakiri.

Yote mitatu ikashika. Yote! Andikeni hilo.

Ila wa nani ni upi? Mmoja ulianza kupata shina jeusi-jeusi la kuelekea wekundu. Nikafungua picha: wa mama mukubwa, hauna mwenzake. Iliyobaki ilifanana kama mapacha, basi nikangoja izae. Mmoja ukatoa mkungu wenye vidole vingi vidogo vidogo, kama wa baba mudogo kwenye picha. Mwingine ukatoa vidole vichache, vikubwa kama pembe za ng'ombe. Huo haukuwa kwenye picha yoyote. Lazima uwe wa shangazi.

Lazima. Lakini neno "lazima" halionjwi mdomoni. Mwenyewe ndiye anaonja.

Kiangazi kingine nikarudi Kabambare nimebeba machipukizi manne na machane matatu. Vitambaa safari hii nilivivaa mwenyewe mkononi.

Mama mukubwa alionja, akafunga fundo, akanibariki. Baba mudogo alitafuna sana kuliko ndizi ilivyotaka, akasema, "Mm. Ni yangu." Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Shangazi akaichoma mwenyewe. Akakwangua majivu, akavunja, akala kipande bila kunitazama. Akala cha pili.

"Hii iko yangu," akasema.

Akaingia ndani, akarudi na vipande viwili. Kimoja bado kina rangi, mwenzake nilikuwa nacho mkononi. Kingine kimefifia mpaka maua yake hayaonekani tena. Nusu ya baba, ambayo mwenzake ilipotea vitani.

Nikamwekea machipukizi mawili miguuni. "Huu wangu. Huu wa baba."

Akachukua vitambaa vyote vitatu, akavifunga fundo moja, akalikaza kwa meno. Kisha akainua uso, akawaambia watu wote waliokuwa uani, si mimi:

"Nyumba ya ndugu yangu inarudisha."

Wakuu, diploma yangu ilitolewa ukumbini, watu wakapiga makofi. Haikunifikia mifupani kama sentensi ile.

Ninachowaachia ni hiki. Ukienda kwenu vakansi, usirudi na picha peke yake. Rudi na mche, uulinde, na umrudishie aliyekukopesha. Na vitambaa uvivae mwenyewe, usimwachie mwenye pikipiki.

Kwenu nyinyi mche wa ukoo unatolewa kwa desturi gani? Semeni hapo chini, hata wenye wivu nawasoma.

Nisisahau. Siku ile ile, nikiwa nafunga mzigo, baba mudogo alinifuata pembeni, akakohoa.

"Bwana diplome. Nasikia uko na marakuja fulani kule Kasongo."

Marakuja, yaani pasheni, nilikuwa nimeyapanda kwenye uzio. Nilichana kipande cha shati langu la shule, nikakigawa mara mbili.

Nusu yangu iko ukutani, chini ya diploma.