Mama Mfungo

Wanawake wa kanisa la mabati kule Mashimoni, Kibera, walimwita Aluoch "Mama Mfungo", na hawakumwita hivyo kwa mzaha. Mwenye kesi, mwenye mgonjwa, mwenye mume aliyekwenda Mombasa asionekane tena, wote walitumwa kwake. Wengine wakifunga, saa sita mchana ikifika wanapiga miayo na kuchungulia saa. Aluoch alifunga kwa maji matupu siku tatu na bado akawashinda wote kwa kuimba. Siku moja mchungaji alimsimamisha mbele ya watu akasema, "Muangalie huyu mama. Mwili imeshindwa, roho imesimama." Makofi yakapigwa hadi mabati yakaitikia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa mpaka akabaki na maji peke yake.

Ukweli ni kwamba Aluoch hakuanza kufunga kwa ajili ya Mungu. Alianza kwa ajili ya picha.

Ilikuwa picha ya akina mama wa kanisa wakiwa na sare mpya, na mtu akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp. Aluoch alijiona pale pembeni, mikono imejaa, kiuno hakijulikani kilipo. Chini yake mmoja akaandika, "Mama Akeyo anakula vizuri," akimwita Aluoch kwa jina la mtoto wake, akaongeza uso unaocheka. Basi. Kwao ziwani maneno hayo ni sifa. Mama yake angeyasikia angeshukuru. Lakini Aluoch aliyasoma akiwa kwenye kibanda cha kusuka nywele huko Kawangware, ambako ndiko kazini kwake, akahisi uso unawaka moto. Mteja mmoja akamwonyesha kwenye simu namna ya kukonda: maji ya limau asubuhi, mayai mawili, ugali usiuguse kabisa. Mjaluo kuacha ugali ni jambo la kuitiwa wazee, lakini aliuacha.

Taabu ilikuwa nyumbani. Anapika, anapakua, kisha anakaa mikono mitupu. Osewe, mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, akauliza. Watoto wakauliza. Ndipo kanisa likatangaza mfungo wa mwanzo wa mwaka, na Aluoch akagundua kwamba anayesema "sili" husumbuliwa, lakini anayesema "nimefunga" huachwa kwa heshima. Mfungo wa kanisa ukaisha, wake ukaendelea. Kila wiki alipata sababu, maana Kibera haikosi cha kuombewa.

Inaudhi hata kulisimulia. Kwenye vichochoro hivyohivyo kuna jirani anayelaza watoto kwa chai ya rangi, na huyu alikuwa na chakula sufuriani akakikataa. Mwenyewe alilijua hilo vizuri, na aibu yake ikamziba mdomo zaidi.

Mwanzoni mwili ulitii, halafu ukagoma. Mizani ya mzee mmoja anayepima watu uzito stejini, pale matatu yanaposimama, ikabaki palepale ingawa sasa alikula yai moja na sukuma kidogo. Akapunguza tena. Akawa anavaa sweta jua la mchana likiwaka. Nywele zikaanza kutoka kwa mafungu, na msusi asiye na nywele ni kama kinyozi mwenye ndevu za mbuzi, kwa hiyo akajifunga kitambaa asikivue. Hedhi ikakatika. Majirani hawakuuliza, walikuwa na jibu lao tayari: Mama Akeyo ana ule ugonjwa.

Maneno hayo yalimfikia Osewe. Jioni moja, watoto wakiwa nje, alimwambia mkewe, "Mama Akeyo, mimi nimeenda kupimwa. Nimerudi nikapimwa tena. Niko sawa. Kama wewe hauko sawa niambie tu. Siendi mahali."

Aluoch alicheka, kisha akalia. Mwanamume huyu alikuwa amebeba kifo moyoni miezi yote hiyo, na yeye alikuwa anatafuta kiuno. Alitaka kumwambia ukweli, akashindwa. "Si ugonjwa, Baba Akeyo," akasema. "Ni mfungo."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aluoch hakufikia huko, lakini aliumbuliwa. Alianguka kazini, kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa, na wasusi wenzake wakambeba hadi kliniki iliyo karibu. Alipopimwa kila kitu alipelekwa kwa mama mmoja anayeshughulika na lishe, Kathini, mtu wa sauti ya chini asiye na haraka.

"Ile kitu watu wanasema uko nayo, hauna," Kathini akamwambia. "Wewe uko na njaa. Na ni ya kujitakia, ama?"

Aluoch akaitikia kwa kichwa.

"Mwili ikikosa chakula siku mingi, inafanya kama nyumba ya stima ya kulipia mbele, token ikikaribia kuisha. Inazima kila kitu, inaacha taa moja. Ndio unaskia baridi. Ndio nywele inatoka. Ndio hata ukikula kidogo haukondi tena. Sasa lazima tuiambie chakula imerudi, na haitatuamini haraka."

Akamweleza taratibu. Uji asubuhi kabla ya kutoka. Kidogo kidogo, mara nyingi, asirukie sahani kubwa. Ugali urudi, na dagaa wa omena, na maharagwe, na ndizi. Uso utavimba kidogo, tumbo litajaa, watu watasema; miguu ikivimba au moyo ukienda mbio, aje upesi. Mizani aache kabisa.

"Na kufunga?" Aluoch akauliza.

"Kufunga hapana. Mwambie pastor ni hospitali imekataa."

Aluoch aliyakubali yote moyoni isipokuwa hilo la mwisho.

Watu hudhani mwenye njaa akiwekewa chakula atafurahi. Aluoch aliogopa uji. Siku hiyo alimweleza Osewe yote, na Osewe hakumgombeza. Alianza tu kuamka mapema, akapika uji mwenyewe, akaweka kikombe mezani na kukaa mbele yake hadi kiishe. Kilichukua muda mrefu. Tumbo lilijaa gesi likamuuma. Uzito ulirudi kabla ya nguvu, sketi ikakataa kufunga, akakaa kitandani akilia na sketi mkononi. Kuna siku alikula vizuri hadi jioni, akajichukia, na kesho yake hakutia kitu mdomoni. Na njaa yenyewe ilipoamka ilimtisha zaidi: anamaliza sahani, anatamani nyingine, anajiona mlafi. Kathini alimwambia huo ni mwili unaouliza kama kweli chakula kipo, aujibu kwa kula. Polepole joto likaanza kurudi. Akalala usingizi. Siku moja alifika kazini akagundua amesahau sweta nyumbani.

Lakini Mashimoni hakusema neno. Uso ulipojaa, wanawake walinong'ona kwamba Mama Mfungo ana mimba, wakamshukuru Mungu, naye akawaacha washukuru. Aliendelea kuongoza mifungo yao. Zamani alificha kwamba anajinyima. Sasa alikula nyuma ya pazia huko Kawangware, akasukutua mdomo, ndipo akaenda kwenye maombi. Hiyo nayo ingekuwa heri. Ubaya ni kwamba siku nyingine, kwa kuwaogopa, hakula kweli, na ile raha ya zamani ikarudi, ule wepesi wa kichwa, yale makofi. Kila iliporudi alipoteza wiki nzima ya kazi yake na Osewe ya kuurudisha mwili. Kathini alimwonya kwamba moyo wake hautavumilia mchezo huo. Aluoch alijua: ama aliache jina, ama jina limzike. Na bado hakuliacha, kwa sababu bila jina hilo alikuwa nani pale kanisani? Mama mnene pembeni ya picha.

Aliyemkwamua ni Caren, na hakujua kama anamkwamua.

Caren aliuza omena Kisumu Ndogo, kijiji kingine cha Kibera, na walikuwa marafiki tangu waje Nairobi. Alikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Aluoch akamfungia, mtoto akaja, msichana, na Caren akampa jina Aluoch. Lakini mtoto alizaliwa mdogo na hakuwa akiongezeka. Alhamisi moja mchana akina mama wakakusanyika nyumbani kwa mwenzao Mama Sella, Soweto West, hapohapo Kibera, kupanga mfungo wa wiki nzima kwa ajili ya mtoto huyo. Wote walimgeukia mtu mmoja.

"Mama Mfungo, wewe ndio utatuongoza," Mama Sella akasema. "Tunaanza kesho."

Aluoch alifungua mdomo kuitikia. Wakati huo mtoto alikuwa akinyonya, akiacha, akilia, akirudia titi lilelile na kuliacha tena. Aluoch akamtazama Caren. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza, na alikuwa amevaa sweta kwenye joto lile.

"Caren," akauliza, "umekula nini leo?"

"Nikule aje na tunafunga?"

"Si tunaanza kesho?"

"Mimi nilianza Jumapili." Caren alitabasamu kwa uchovu. "Sikutaka ushike mfungo peke yako kila saa. Hata nikiwa na mimba yake nilikuwa nafunga na wewe, sikukwambia tu. Niliona wewe unaweza, nikasema hata mimi naweza."

Aluoch aliogopa kuliko alivyoogopa siku aliyoanguka. Aliona mimba ile, ndogo, kwenye tumbo la njaa, kwa ajili ya kiuno alichokitafuta yeye Aluoch.

Mezani palikuwa na sahani ya watoto wa Mama Sella, imefunikwa kwa nyingine. Aluoch akaivuta, akafunua: ugali, sukuma, mchuzi wa omena. Akakata tonge mbele ya wote, akatia mdomoni.

"Mama Mfungo?" mmoja akasema.

Aluoch akameza tonge. "Mimi sijawahi kufungia mtu," akasema. "Nilikuwa nataka kukonda. Niliona mkisikia ni maombi hamniulizi. Nikakuwa mgonjwa, hospitali ikaniambia nikule, na nimekuwa nakula nikiwaficha. Hakuna mimba. Ni chakula."

Mama mmoja mzee akasema "Shindwa!" kama anayekemea pepo, akachukua mkoba wake na kutoka, na kila mtu alijua anaelekea kwa mchungaji.

Caren hakutoka. "Hata ya mtoto wangu?" akauliza. "Hata hiyo ulikuwa unakonda?"

"Hata hiyo. Mungu alikupatia mtoto mwenyewe, Caren. Mimi sikuwa hapo." Akaonyesha sahani kwa kidole. "Tafadhali kula. Maziwa haiwezi toka kwa mwili imelala njaa. Kula, na kesho tumpeleke kliniki, mimi nitakuja na wewe."

"Usinishike," Caren akasema, ingawa Aluoch alikuwa hajamshika.

Mtoto alilia tena, kilio chembamba kisicho na nguvu ya kukasirika. Caren alimtazama, akamtazama Aluoch kwa chuki ya wazi, halafu akanyoosha mkono kwenye sahani. Akakata tonge kubwa, akalichovya kwenye mchuzi, akala huku machozi yakimshuka. Akakata jingine.

"Hajabatizwa bado," akasema, mdomo ukiwa umejaa. "Nitampa jina lingine."

"Sawa," Aluoch akasema. Akamsogezea sahani, kisha naye akakata tonge lake.