Korongo Wawili na Mfereji wa Sabato

Sisi huku hatuna ziwa. Tuna mabwawa, tuna madimbwi yaliyoachwa na wachoma matofali, na tuna mabonde ya matete ambayo kila mwaka yananywewa na mikaratusi. Kwa hiyo nikisema naenda kutazama ndege, majirani zangu wa Kiogoro hucheka kwanza.

Wacheke. Mimi nilikuwa nikimtafuta korongo taji, yule mrefu mwenye nywele za dhahabu kichwani, aliyekuwa akicheza bondeni kwetu Magwagwa nilipokuwa mdogo. Bonde hilo sasa ni la baba mdogo, naye alikuwa ameamua kulikausha apande mikaratusi. Nilimsihi, nikamkasirikia, nikamsihi tena, mpaka akachoka nami.

"Korongo waliisha zamani," alisema. "Nionyeshe mmoja tu, nitaliacha bonde."

Siku iliyofuata, Ijumaa, akachimba mfereji. Nilipompigia simu kumuuliza ni ahadi gani hiyo, akajibu, "Kwani nilisema nitangoja?" Nilikasirika nikashindwa hata kula.

Jumamosi baada ya ibada nilimvizia mlangoni mwa kanisa. Yeye ni mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hawezi kukataa kwenda kutazama kazi ya Muumba siku ya Sabato. Akaingia kwenye gari langu na suti yake, amenuna.

Bwawa la upande wa Kebirigo lilikuwa na yangeyange na bata, basi. Kwenye dimbwi la matofali mwanamume mmoja aliiona darubini yangu akatufokea, "Mmekuja kupima ardhi? Hapa hapauzwi!" Dimbwi lililofuata lilikuwa na vyura tu. Baba mdogo alianza kuchangamka.

"Nilikuambia."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, baba mdogo."

"Nimeinama mpaka kiuno kimegoma. Turudi nyumbani."

"Turudi. Lakini tupitie bondeni kwako."

Tulikuwa bado juu ya mteremko niliposikia ule mlio, mzito, wa kupiga tarumbeta. Nikainua darubini: korongo wawili katikati ya matete, mmoja amesimama, mwingine amelala juu ya kiota. Nikampa baba mdogo. Alitazama muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Lo! Kumbe wapo. Jana nikichimba matete yaliwaficha."

Nilitaka kuruka kwa furaha, lakini niliuona mfereji wake. Maji yalikuwa yakitoka mbio. Kiota kilichokuwa kimezungukwa na maji sasa upande mmoja kilikuwa kimegusa tope, na kwenye ukingo mbwa wawili walikuwa wakilijaribu tope hilo kwa miguu yao ya mbele.

Tuliteremka mbio, nikawatupia mbwa mawe, wakasogea kidogo, wakakaa.

"Kesho alfajiri nitauziba," alisema baba mdogo.

"Kesho mbwa watakuwa wameshiba."

"Leo ni Sabato, mwanangu."

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, hatolewi? Si wewe uliyetuhubiria?"

"Huyo ni ng'ombe!"

Jembe lake lilikuwa palepale alipoliacha Ijumaa. Nikavua viatu, nikaingia mferejini na gauni langu la kanisani, nikaanza kurudisha udongo. Maji yaliubeba. Nikatia mwingine, yakaubeba pia. Nilikuwa nalia kwa hasira, na sikuacha.

"Toka hapo," nikamsikia. "Unashika jembe kama mwiko wa ugali."

Alikuwa ametundika koti kwenye kichaka na kukunja suruali. Alianza na mawe, kisha mabonge ya nyasi, kisha udongo, akiukandamiza kwa miguu. Maji yakapunguza mbio, yakasimama, yakaanza kurudi kwenye matete.

"Na miche ya mikaratusi?" nilimuuliza.

"Nitaipanda juu kule kwenye mawe. Usinichokoze."

Ndipo akina mama wa kanisani kwetu wakatokea njiani. Walisimama. Mzee wa kanisa, Sabato, jembe mkononi, tope mpaka magotini. Mmoja wao akashika kifua.

"Baba, kweli unalima leo?"

Baba mdogo hakuinua hata kichwa.

"Silimi, mama. Ng'ombe wangu ametumbukia."

Walitafuta ng'ombe kwa macho bonde zima, mpaka nikampa yule mama darubini.