Ngome ya Edinburgh Ilivyomwangukia Mama Mkwe

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Makongeni, maana wale huongeza chumvi mpaka mchuzi hauliki: mimi ndiye yule bwana harusi aliyemshika mama mkwe mapajani mbele ya pasta, wazee na kwaya nzima. Chekeni kwanza, nitangoja. Mmemaliza? Haya, yote yalianza na viti viwili tu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mchoraji ramani za majengo katika ofisi moja mjini (yaani nilichora vyoo vya watu wengine, lakini nikiwa nimevaa tai), na huko maktaba nikaangukia kitabu kuhusu ngome ya wafalme kule Edinburgh, iliyojengwa juu ya mwamba, mji mzima uko chini yake. Nilikisoma mpaka nikajiona mimi ndiye fundi wake. Sasa Nekesa alipokubali kuolewa na mimi, mtu mwenye akili angemshukuru Mungu akanyamaza, lakini mimi nikaamua keki yetu iwe ngome hiyo, kwa sababu binamu yangu wa Donholm alikuwa amekata keki ya ghorofa yenye maji yanayotiririka katikati, na mimi kushindwa na mtu wa Donholm, afadhali nisioe.

Kwa kawaida aliyeoka keki ndiye huieleza: hii ya wazazi, hii ya kanisa, hii ya majirani, basi, watu wanakula. Mimi nikasema nitaieleza mwenyewe, tena kihistoria, kila jengo liletwe mezani kwa mpangilio wa kujengwa kwake. Na ili wakwe zangu wayaone madirisha vizuri, asubuhi niliingia ukumbini nikavivuta viti vyao kutoka upande wa pili, nikaviweka karibu kabisa na meza ya keki.

Sasa, Nekesa ni Mluhya, na mnajua mambo ya Waluhya. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali meza moja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Na sisi Wakamba ni vivyo hivyo, kwa hivyo hata siwezi kujitetea kwamba nilikuwa mgeni. Mama Nekesa alipofika akavitazama vile viti, akageuza uso, akaketi ukingoni kabisa mwa kimoja kama mtu aliyepewa kiti chenye rangi mbichi. Mutua, msimamizi wangu, akaninong'oneza, "Beste, rudisha hizo viti."

Nikamwambia historia haionekani kwa mbali. (Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.)

Basi jua la mchana likawa linachoma mabati, wapambe wa bibi harusi wakaleta mwamba wa chokoleti, wakicheza hatua mbili mbele moja nyuma, nami nikashika kipaza sauti. Wakaleta kanisa dogo, nikaeleza kwamba ndilo jengo kongwe kuliko yote pale juu, mfalme alilijenga kwa heshima ya mama yake. "Tuwaheshimu mama zetu!" nikasema, nao ukumbi ukaitikia amina, na hiyo amina ndiyo iliyonimaliza, maana mtu akishaitikiwa amina hajui tena kuketi. Ukaja mnara mkubwa wa kifalme, mrefu, mweupe, nikauweka upande wa wakwe zangu ili waufaidi. Ukaja ukumbi wa karamu na paa lake la mbao, nikafafanua jinsi mbao zilivyoungana. Watoto walikuwa wanalia njaa. Sukari ya mnara ilikuwa inatoka jasho kuliko mimi.

Baba Nekesa, mstaafu wa reli, mpole kweli, akainua mkono. "Kijana, huyo mfalme alikuwa anakula saa ngapi?"

Ukumbi ukacheka. Mtu mwingine angeelewa. Mimi nikasema asante kwa swali zuri, nikaingia sura ya vita.

Nikaeleza adui walivyouzingira mwamba, mizinga ikapiga na kupiga, mpaka siku ile mnara mkubwa ulipoporomoka, na ili wasikie vizuri nikapiga meza kwa kiganja: "Tuuu!"

Meza za ukumbi ule miguu yake hukunjwa. Mmoja ukajikunja. Mnara ukainama polepole, kwa adabu, ukaanguka mzima mzima kwenye mapaja ya Mama Nekesa, na mimi, badala ya kuona mama mkwe, nikaona jengo linaanguka, nikaruka nikalidaka kwa mikono miwili, pale pale lilipotua. Halafu, Mungu anisamehe, nikatoa kitambaa nikaanza kumpangusa.

Shangazi mmoja wa Nekesa akapiga ukemi, "Uuuwi! Amemgusa!"

Kwaya ikaanzisha wimbo wa kuaga maiti, nafikiri ndio uliokuwa karibu. Mama Nekesa akajifunika uso kwa leso akatoka. Shangazi akamshika bibi harusi mkono: "Huyu leo haendi kwako. Mpaka hii maneno itengenezwe."

Nekesa akanitazama, wanja umemchuruzika mpaka shavuni. "Si nilikwambia tuchukue keki ya mraba?"

Nilirudi Dandora na suti yangu na Mutua. Sasa hapo ucheshi uliniisha. Niliogopa kwamba nimempoteza kabisa, mke niliyekaa naye saa chache tu, tena kwa sababu ya mnara wa watu nisiowajua.

Wazee wangu walipeleka mbuzi na shuka, wakaomba, wakasemwa, wakaomba tena. Mwishowe Mama Nekesa alijibu akiwa nyuma ya pazia la chumba chake: "Mwambieni nimesamehe, aje amchukue mke wake. Lakini siku nyingine huyo mfalme akipigwa, apigiwe kwao."

Juzi tulimwoza binti yetu. Nikapewa kipaza sauti, nikamwona Nekesa amefumba macho, na upande wa pili kabisa wa ukumbi mama yake, sasa bibi kizee, akiinuka taratibu kusogeza kiti chake nyuma zaidi.

Nikasema, "Chakula kiko tayari," nikaketi.

Wanaukoo walipiga makofi wakiwa wamesimama.