Kufuli la Mdogo Wangu

Bosi alimfukuza kazi mdogo wangu mbele ya ofisi nzima kwa kosa alilolifanya Bosi mwenyewe, na hadi leo ofisi ile inaishi kwa kazi ya mikono ya huyo mdogo wangu.

Mdogo wangu nimemlea mimi. Mama alipotutoka yeye alikuwa hajaota meno, nami badala ya darasa nikashika pasi. Ninapiga pasi nguo za watu mpaka leo. Yeye alisoma, akawa mtengenezaji wa programu za kompyuta. Wapangaji wenzetu wakamwita Fundi, wakamletea hata redio zilizokufa, na hakuwa na moyo wa kuwaambia kuwa redio si kazi yake. Kazi aliipata kwa Bosi, mteja wangu wa mashati.

Ofisi yao iliziuzia hospitali programu ya kutunza picha za eksirei. Picha ikipigwa, programu inaiandika kwenye faili la mgonjwa. Siku moja Fundi alirudi, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Alikuwa ameona picha ya kifua cha mtu mmoja ndani ya faili la mtu mwingine. Alipojaribu tena, kila kitu kikaenda sawa. Nikamwambia labda macho yamechoka. Akanionyesha mlango wa bafu.

Bafu letu ni la wapangaji wote, na komeo lake lilikatika zamani. Mtu huchungulia kwanza. Ukiona hakuna mtu, unarudi kuchukua ndoo. Mwenzako naye anachungulia, anaona hakuna mtu. Mnakuja kugongana humo ndani na sabuni usoni.

"Dada, haitokei kila siku," akasema. "Inatokea mkichungulia kwa pamoja. Ndani ya programu yetu kuna wafanyakazi wengi wasioonekana, kila mmoja na picha yake, na wote wanaandikia mahali pamoja. Wanachungulia tu. Hawana komeo."

Sisi tulikwishaanza kutundika taulo mlangoni: mwenye taulo ndiye mwenye bafu. Akaenda kutundika taulo kule ofisini.

Bosi alimtaka amwonyeshe hilo kosa. Akaiendesha programu, ikatulia kama mtoto mbele ya wageni. Akairudia, vile vile. Bosi akasema mdudu wake, ndivyo wanavyoliita kosa la programu, ana haya, akiona watu anajificha, na ofisi ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo akiingia asubuhi wanamwuliza mdudu kaamkaje. Alivumilia. Akaweka kufuli pale pa kuandikia, mahali ambapo programu zao zote zilipategemea. Kila anayeingia afunge, na hata akianguka humo ndani kufuli lijifungue, wengine wasipange foleni wakimsubiri maiti. Maneno hayo ni yake. Siku zile alikula kwa hamu, akanichorea makufuli kwa kidole kwenye jivu la pasi ya mkaa.

Lakini kufuli huleta foleni, na programu ikawa nzito kidogo. Bosi alikuwa anakwenda kuionyesha kwa wateja wapya na alitaka iende mbio. Akaling'oa kwa mkono wake, hakumwambia mtu. Haukupita muda, mama mmoja akasomewa picha ya mapafu ya mtu mwingine, akaambiwa yu mzima. Hakuwa mzima. Walipogundua, walikuwa wamechelewa.

Kwenye kikao Bosi aliuliza ni nani aliyekuwa akipagusa mahali pale. Jibu walilijua wote, maana walikuwa wamelicheka. "Tulikuwa tunakwenda vizuri," akasema, "mpaka Fundi alipoanza kuwinda wadudu wake."

Akamfukuza pale pale, na mdogo wangu akakusanya vitu vyake. Alidhani ni kweli. Hapo ndipo moyo wangu unapokatika. Kosa la aina ile hujificha ukilitafuta, na mtu mwangalifu hujishuku mwenyewe kwanza.

Ukweli niliupata kwa rafiki yake wa meza ya jirani, tuliyemwita Cheko kwa kicheko chake. Siku hiyo alikuja bila kicheko. Alimwona Bosi akiling'oa kufuli, na baada ya msiba alimwona akilirudisha, herufi kwa herufi, kama mdogo wangu alivyoliandika. Programu haijakosea tena. Nikamwuliza mbona kikaoni alikaa kimya. Akasema ana watoto. Nikamwambia hata yule mama alikuwa nao.

Nikampelekea Bosi mashati yake bila kuyapiga pasi. Aliniketisha vizuri, akaniita mama, akasema mambo ya kompyuta ni marefu. Nikamwuliza neno moja, kufuli lililopo sasa ni la nani. Akayatazama mashati.

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki."

"Aliyeipiga teke ndoo ni nani?"

Akasema ana wageni wanamsubiri.

Nilirudi nikamweleza mdogo wangu yote. Nilidhani atalia, au atatukana. Aliniuliza tu kama Cheko ana hakika, kisha akaendelea kukunja nguo za watu. Hakuniamini. Kompyuta yake ameifunika shuka. Akitoka bafuni anarudi kuangalia kama kweli ametundua taulo, anafika mlangoni kwetu, anarudi tena. Zamani wapangaji wangemtania. Sasa wanainama kama wanatafuta kitu chini, na redio hawamletei.

Bosi anadaiwa sentensi moja. Aiseme katika chumba kile kile, mbele ya wale wale waliocheka, mdogo wangu akisikia: "Kufuli lilikuwa la Fundi, na aliyeling'oa ni mimi." Cheko anadaiwa kusimama na kusema aliona. Na yule mama wa eksirei naye anamdai Bosi, ila watoto wake hata hawajui kwamba wanadai.